Maswali ya Magari: Kwa Nini Altezza Inaishiwa Pumzi Tabora?

Kijiweni kwetu Isevya ubishi hauishi. Kuna Toyota Altezza RS200 ya gia sita iliyotoka Dar, ambako ilikuwa inaifuata Subaru Impreza WRX kwa karibu. Hapa inaachwa mbali. Wenye Altezza wanasingizia petroli. Nani mkweli? – Msomaji, Tabora

Petroli msiionee, ndugu zetu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Injini ya 3S-GE ya Altezza haina tarbo (pampu ya kuisukumia injini hewa), inavuta hewa iliyopo tu, hivyo nguvu zake za farasi 210 zinabaki kama 183. WRX ya kuanzia mwaka 2000, yenye farasi 250, inasukumiwa hewa na tarbo, kwa hiyo hasara yake ni ndogo.

Halafu kuna uendeshaji. Subaru inafikia kilele cha torki (nguvu ya kuzungusha) kwenye mizunguko 3,600 ya injini kwa dakika; Altezza mpaka 6,400. Anayebadili gia kwenye 4,500 hajaonja gari lake. Aivute hadi karibu 7,600.

Pia kagueni chujio la hewa, maana vumbi la Tabora mnalijua. Zile chujio za wazi zenye umbo la koni zinanogesha sauti, lakini zinavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na zikipakwa oili kupita kiasi inaruka hadi kwenye sensa ya hewa (kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini). Hapo sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapandapanda na gari linakunywa mafuta. Zima injini iache ipoe, chomoa soketi ya sensa, fungua skrubu zake, pulizia dawa maalumu ya sensa (si petroli, wala dawa ya kabureta). Waya wake ni mwembamba kama unywele, usiuguse kwa kidole wala kitambaa. Acha ukauke kabisa ndipo urudishe.

Nataka kuishusha Altezza yangu na kuweka rimu za inchi 18. Mwanga hadi Ujiji matuta ni mengi. Mnanishauri nini? – Msomaji, Kigoma

Tairi lake la 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17) lina ubavu wa milimita 97. Ukiweka 225/40R18 unabaki na 90, na shimo moja linatosha kupinda rimu au kutoa nundu ubavuni. Sisi tungeshuka hadi 205/55R16: ubavu milimita 113, na kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 1 tu, kwa hiyo spidi mita haidanganyi. Jaribisha kwanza rimu moja mbele uone kama haigusi kaliper (kibanio cha breki).

Springi usikate. Iliyokatwa inalegea kwenye kikalio gurudumu linaponing'inia, na shokapu inagonga mwisho kila tuta hadi ivuje. Ukishindwa kujizuia, nunua springi fupi za gari hilohilo zinazoshusha sentimita 2 hadi 3, kisha ufanye alaimenti (kunyoosha magurudumu), la sivyo tairi zitalika upande wa ndani. Na kwa kweli, gari ambalo taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima linahitaji pambo gani tena?

Kiboksi cha umeme kinachofungwa kwenye kanyagio la mafuta kinaongeza farasi kwenye Toyota Mark X? – Msomaji, Urambo

Hapana. Ukikanyaga robo, kinaiambia kompyuta umekanyaga nusu; ukikanyaga mpaka chini, hakuna tofauti. Injini ya lita 2.5 ya Mark X toleo la GRX120 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na masizi yanajijenga. Hela ya kiboksi mpe fundi azisafishe.