Pesa za mafuriko zinapitia wapi? Nimekuwa huko ndani, wacha nieleze

Ndugu umeuliza kwanini pesa zinachangishwa Ulaya halafu anayekuja kugawa ni kashirika ka hapa kijijini kenye pikipiki mbili, ukasema lazima kuna mtu anakula katikati. Mimi nilikuwa kwenye kashirika kama hako, upande wa Madogo, Tana River, El Niño ya Novemba 2023.

Lile shirika kubwa linalochangisha Ulaya huku halina mtu. Lina ofisi Nairobi na lilikuwa na mkataba na sisi tangu ule ukame wa 2022, kwa hiyo mto ulipofura walipiga simu tu wakasema ile bajeti ya mbuzi igeuzeni iwe ya mafuriko. Barabara ya kwenda Garissa ishakatika pale Mororo, watu wanavuka kwa boti, sasa mgeni angefika lini, na sisi mama zetu ndo hao wamelala juu ya magodoro yaliyolowa.

Kazi ngumu ni orodha jamani. Tulikuwa na nafasi za kusaidia nyumba 300, waliojiandikisha karibu mara mbili. Tunakaa baraza chini ya mwarobaini, chifu yupo, wazee wapo, kina mama wapo, majina yanasomwa kwa sauti moja moja. Likasomwa jina la mtu mwenye duka na nyumba ya mabati mahali pakavu kabisa, hakuna aliyepinga, ila watu wakaanza kukohoa. Kikohozi kikazunguka baraza zima mpaka mzee aliyemwandika akasema haya haya futeni. Mtu wa kutoka Nairobi angejua maana ya kile kikohozi?

Halafu pesa yenyewe inatumwa kwa M-Pesa, na hapo kuna vituko vyake. Vitambulisho vimesombwa, laini ya mama imesajiliwa kwa jina la kijana wake aliye Mombasa, na kijana ndo ana hiyo laini, pesa ikaingia huko huko Mombasa akala chipsi (alirudisha nusu, baada ya mjomba kumpigia). Wakala naye saa nne asubuhi floti imeisha.

Sasa hapo kwa kuliwa. Wizi upo, sikatai. Lakini kilichotutoa jasho sisi ni mwenye boti. Alitubebea unga na maturubai siku tatu, hana risiti ya mashine, nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari akaweka dole gumba. Mkaguzi akaikataa, shirika letu likarudisha hiyo pesa kutoka mfukoni, na mfuko wenyewe hauna kitu manake bajeti inalipa unga na turubai, kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu tujijue. 2016 kule Istanbul wakubwa, yaani wafadhili na mashirika makubwa ya misaada, walikubaliana ikifika 2020 asilimia 25 ya pesa za dharura ziende kwa mashirika ya nchi husika, moja kwa moja kadiri inavyowezekana. 2020 ikapita, lengo halikufikiwa. Kwa hiyo katikati kuna watu ndio, wengi tu, ila wanakula kwa risiti.

Mkataba wangu uliisha Machi. Aprili 2024 mto ukafura tena, na usiku ule ule simu ikalia, chifu anauliza ile orodha ya mwaka jana bado unayo? Nilikuwa nayo. Bodaboda nikajilipia.