Bahasha Yangu ya Ahadi Ni Tupu. Je, Ninamwibia Mungu?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nimepanga fremu ndogo na mwenzangu. Januari niliandika ahadi ya kanisa ya shilingi 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kila mwezi. Nilienda nayo vizuri mpaka mtoto wa marehemu kaka yangu alipoletwa kwangu. Sare nimemshonea mwenyewe, lakini viatu, sweta, madaftari na godoro vyote ni vya kununua. Huu ni mwezi wa tatu bahasha yangu haijaingia kapuni. Jumapili iliyopita zilisomwa namba za bahasha za wanaodaiwa ahadi, na wanajumuiya wenzangu wote wanaijua namba yangu. Tulipotoka nje mzee mmoja wa kanisa akanisomea Malaki 3:8, kwamba namwibia Mungu. Silali vizuri. Nina hisa kwenye kikoba. Nikope nilipe yaishe?
Fundi, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikope. Riba ya kikoba itatoka kwenye chakula cha huyo mtoto, na sijaona mahali Bwana alipoagiza aletewe sadaka ya mkopo.

Nakujibu kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Nilikuwa mtunza hazina wa usharika wetu kwa miaka 11. Baada ya ibada tulikaa wanne, mlango umefungwa, makapu yanamwagwa mezani: noti za 10,000 zilizonyooka kama zimepigwa pasi, noti za 1,000 zilizokunjwa mpaka zikawa kama vidonge, na sarafu zenye harufu ya ugoro ambazo tulijua kabisa zimefunguliwa kwenye pindo la khanga ya bibi gani. Zote ziliingia kwenye kitabu kimoja.

Na huko kusoma namba hadharani, nikiri tu, kwetu nilikuanzisha mimi. Tulikuwa tunaezeka, bati zimepanda bei, nikaona aibu kidogo itasaidia. Ikasaidia kweli, mwezi ule bahasha zilijaa. Lakini mama mmoja aliyezoea kukaa benchi la tatu akapotea. Miezi kadhaa baadaye nikamkuta soko la Mbuyuni na ndizi zake, nikamuuliza mbona haonekani. Akawa anapangapanga vichane bila kuniangalia. "Nikipata nitarudi, Mama." Nikipata! Kana kwamba tumeweka kiingilio mlangoni. Nilinunua kichane kimoja nikaondoka sina la kusema. Kusoma namba tuliacha, ila yeye kwetu hakurudi.

Sasa huyo mzee. Malaki ameandika hivyo, ni kweli, lakini mwombe apande mistari mitatu juu, kwenye ule wa 5. Pale Bwana anawashtaki wanaomwonea kibarua katika ujira wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Tena zaka yenyewe, hiyo Malaki anayosema inaibwa, haikuwa ya Walawi, watumishi wa hekalu, peke yao. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Wewe yatima wako amelala kwenye godoro ulilomnunulia. Na katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imekwisha kuwa ya Mungu, wakapata njia ya kutowatunza baba na mama zao.

Ila usinishangilie mapema. Umesema una hisa kwenye kikoba, maana yake kuna kitu unapata cha kuweka kule. Sikulaumu, siku cherehani ikigoma ndicho kitakachokunusuru. Lakini kama kikoba kinapata na bahasha haijaona hata 1,000 kwa miezi mitatu, hapo usimsingizie mtoto. Nadhani uliona heri usitoe kabisa kuliko kutoa kidogo ikaandikwa kwenye namba yako. Nimewaona wengi wakikwama hapohapo, na wenye magari wamo. Paulo aliwaandikia Wakorintho (2 Kor 8:12) kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na mnadani nje ya kanisa umejionea: yai moja la mtoto wa shule ya Jumapili linanunuliwa, aliyenunua analirudisha, linanadiwa tena, mpaka linampita jogoo kwa bei. Sijawahi kusikia mtu akilicheka lile yai.

Kwa hiyo nenda ofisi ya usharika siku ya kazi, peke yako, uombe ahadi ipunguzwe. Watu wengi hawajui kwamba inawezekana. Mimi nilizipunguza nyingi tu, unakata kwa kalamu unaandika upya, dakika mbili. Sema, "Naomba iwe 5,000 kuanzia mwezi huu." Kama 5,000 nayo ni nzito, taja 2,000. Ile miezi iliyopita mweleze mchungaji ilikokwenda, na mtoto umtaje kwa jina. Kama usharika wenu una mfuko wa diakonia, ule wa kusaidia wahitaji, ulizia madaftari ya muhula ujao, wala usione haya, hata wewe umeuchangia. Jumatatu usiende, wachungaji wengi hupumzika siku hiyo.