Taa ya "daylight" kwa fundi cherehani: ipi inaonyesha rangi sawasawa?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, kazi zangu nafanyia kwenye fremu ndogo isiyo na dirisha. Natumia enaji seva ya mwanga wa njano. Wiki iliyopita nilishona suruali ya bluu iliyokolea kwa uzi mweusi nikidhani ni wa bluu, na mteja akaliona kosa hatua mbili tu nje ya mlango. Nimeshauriwa nitafute taa ya "daylight". Dukani nimeonyeshwa maboksi matatu, yote eti nyeupe, na kila moja na bei yake. Nichukue ipi?

JIBU: Fundi mwenzangu, pole kwa suruali hiyo. Macho yako hayana tatizo. Kitambaa cha bluu tunakiona cha bluu kwa sababu kinaturudishia bluu iliyomo kwenye mwanga unaokiangukia. Mwanga wa njano una bluu kidogo mno, kwa hiyo kitambaa kinakosa cha kurudisha na kinabaki cheusi, sawa kabisa na uzi uliokuwa mkononi mwako. Aliyekushauri hakukosea, ila hakumaliza.

Neno "daylight" kwenye boksi linaeleza weupe wa mwanga tu. Weupe huo hupimwa kwa kelvini: 2700 ni njano ya balbu zile za zamani, 4000 ni nyeupe ya kati, na 6500 ni nyeupe yenye ubluu kidogo, iliyo karibu na mwanga wa anga ya mchana. Wengi hunaswa hapa, kwa sababu boksi lililoandikwa "Cool White" kwa kawaida ni la 4000, na lililoandikwa "Cool Daylight" ni la 6500. Muuzaji mwenye haraka atakupa lolote kati ya hayo mawili. Achana na maneno, soma namba.

Kwenye boksi, au kwenye plastiki ya taa yenyewe, tafuta namba ya tarakimu tatu: 827, 840, 865. Mbili za mwisho ni kelvini kwa mamia, kwa hiyo 65 ni 6500. Ya kwanza ndiyo muhimu zaidi kwa kazi yako, maana inaeleza taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, kwenye kipimo ambacho kilele chake ni 100. Nane ina maana ya 80 na zaidi. Miaka ya nyuma nilimfungia mama mmoja muuza vitenge tyubu zenye namba 765 kwa kuwa zilikuwa nafuu. Duka liling'aa, lakini nyekundu zote zilifubaa, na vitenge vya rangi ya udongo vikawa kama vilivyofuliwa mara ishirini. Nilizitoa baada ya siku chache na kulipia tofauti mwenyewe. Tangu siku hiyo, kwenye kazi ya nguo sishuki chini ya 8.

Kwa hiyo kama ni enaji seva, chukua 865. Isiyo na namba yoyote iache dukani, hata muuzaji akiisifu vipi.

Ila hata 865 ina mipaka yake. Jua lina rangi zote zikifuatana bila pengo. Ndani ya enaji seva, mvuke wa zebaki unatoa miale ya urujuanimno isiyoonekana, na poda iliyopakwa ndani ya kioo ndiyo inayoigeuza kuwa mwanga. Poda hiyo ni mchanganyiko wa aina tatu: ya bluu, ya kijani na ya nyekundu. Jicho likizipokea pamoja linaona nyeupe, lakini katikati kuna mapengo. Ndiyo maana uzi na kitambaa vinaweza kulingana kabisa chini ya taa, halafu vikaachana juani. Nyekundu iliyokolea ndiyo inayoonewa zaidi, kwa sababu kile kipimo cha 80 kinapigwa kwa rangi nane zilizopoa na yenyewe haimo. Ukipata kazi ya sare ya harusi ya rangi ya damu ya mzee, toa kipande na uzi nje ya mlango kabla hujatia sindano.

Sasa wingi wa mwanga, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Mwanga wa 6500 ukiwa hafifu, chumba kinakuwa kama asubuhi ya mawingu na macho yanachoka. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka luksi 750 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya meza) kwa ushonaji, na 1000 kwa kukagua rangi ya vitambaa. Enaji seva ya wati 20 hutoa lumeni 1200 hivi, yaani mwanga wote unaotoka kwenye taa kwa pande zote. Ikining'inia tupu mita moja juu ya meza, inaleta kama luksi 100 tu. Ukiishusha hadi nusu mita, mwanga wake juu ya meza unapanda karibu mara nne bila kuongeza hata wati moja. Ivishe kofia pana iliyopakwa rangi nyeupe ndani, mwanga uliokuwa unapotelea darini urudi kwenye sindano. Iweke upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, usije ukajitilia kivuli. Kofia iwe wazi chini, kwa sababu enaji seva ikifungiwa joto huwahi kufa.

Kabla hujalipa, jua kwamba mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba kutengeneza, kuagiza na kuuza nje enaji seva za kawaida, zile za hadi wati 30, kukome ifikapo 2025. Nyingi unazoziona rafuni ni mzigo wa zamani. Ushauri wangu wa dhati ni ununue LED yenye kelvini 6500 na kipimo cha rangi cha 90 au zaidi, huandikwa Ra au CRI. LED ya wati 12 hivi inatoa mwanga wa ile ya 20. Kwa saa 10 kwa siku, siku 26 za mwezi, ya wati 20 inakula uniti 5.2 za LUKU, na LED inakula 3.1. Angalia pia kama holda yako ni ya pini au ya kuzungusha.

Dukani nenda na kipande cha ile suruali, uzi wa bluu na uzi mweusi. Mwambie muuzaji aiwashe taa, na kama ni enaji seva ipe dakika moja ipate nguvu. Vilaze vitatu hivyo juu ya kaunta, karibu na taa. Usipoweza kutofautisha nyuzi hizo mbili kwa mtazamo mmoja, omba nyingine.

Enaji seva yako ya sasa itoe kwa kushika plastiki, usizungushe kwa kushika kioo. Ikivunjika, kwa sababu ya zebaki iliyomo, toka na wateja wako nje, acha mlango wazi dakika 15 na usifagie. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki libandue kwa selotepu, kisha tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Usiichome pamoja na mabaki ya vitambaa.