Tajiri ananunua hisa za senti 40: nimfuate?

SWALI: Mhariri, kuna kampuni katika Soko la Hisa la Nairobi ambayo hisa yake ni senti 40. Fununu zinasema tajiri mmoja anazikusanya ili aimiliki yote. Ninunue mapema?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, ukurasa wa wanahisa 10 wakubwa, uilinganishe na ya mwaka uliotangulia. Jina la tajiri huyo lisipoonekana, huenda hisa zimesajiliwa kwa jina la benki inayomtunzia, au ni porojo za madalali tu.

Akionekana, tazama asilimia. Kwa kanuni za Kenya za 2002, anayefikisha 25 huhesabika ana udhibiti na hutakiwa kutoa ofa ya kununua hisa za wanahisa wengine, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imsamehe. Basi mjanja anaweza kutulia kwenye 24.9, nawe ukaisubiri ofa hiyo miaka. Kibaya zaidi: anaikopesha kampuni, kisha deni linageuzwa hisa mpya. Yeye anakua, kipande chako kinasinyaa. Wavumishaji hawaligusi hilo.

Hesabu nayo: hisa 10,000 ni shilingi 4,000. Ada za kununua na kuuza zikifika asilimia 2 kila upande, senti moja ya faida (asilimia 2.5) haizilipi; unahitaji angalau senti mbili. Ukiamua kuingia, weka oda yenye bei ya kikomo (bei ya juu kabisa unayokubali kulipa), na kwanza muulize dalali ni hisa ngapi zinazotafutwa na wanunuzi. Foleni ikiwa tupu, utabaki nazo.