Haibridi kwa familia: maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaotafuta gari la familia la haibridi (lenye injini ya petroli na mota ya umeme yenye betri kubwa) lililotumika Japani. Tumeyafupisha.

Tuko sita, tunaishi Njiro. Kila siku ni shule na kazini mjini, na mwisho wa mwezi tunakwenda Rombo kwa wazee. Tuchukue Fielder, Prius Alpha, Sienta au Noah?

Fielder Hybrid iondoeni kwenye hesabu, ina siti tano. Prius Alpha ziko aina mbili, na wanunuzi wengi huzichanganya: ZVW41 ni ya watu watano na betri yake ya nikeli iko nyuma, ZVW40 ni ya watu saba na betri yake ya lithiamu iko katikati ya siti za mbele. Siti za nyuma kabisa za hiyo ya saba zinafaa watoto tu, na zikikaliwa, kwenye buti hamna nafasi hata ya mkungu wa ndizi.

Zinabaki mbili. Sienta Hybrid, iliyoanza 2015, ina injini ya 1.5, milango ya kuslaidi na sakafu ya chini ambayo bibi anaipanda bila kushikwa mkono. Siti za nyuma hujikunja na kuingia chini ya siti za kati. Noah Hybrid, iliyoanza 2014, ina injini ya 1.8 na uzito wa zaidi ya kilo 1,600. Ina nafasi kubwa na watu wazima hukaa kweli kwenye siti za nyuma. Kwa kipimo cha Japani cha JC08, Sienta imeandikiwa kilomita 27.2 kwa lita na Noah 23.8. Msizitegemee namba hizo mkiwa mmejaza watu na mnapanda kutoka Himo. Linganisheni tu gari na gari.

Haibridi hurudisha fedha yake kwenye foleni na matuta, maana kila ukikanyaga breki inachaji. Safari zenu nyingi ni za mjini, na hapo Sienta inawatosha. Lakini kama kila mwezi mnarudi na magunia na mtu mzima mmoja au wawili wa kuongeza, sisi tungechukua Noah. Zote mbili huvuta kwa matairi ya mbele tu, kwa hiyo barabara ya udongo ya kupanda kwa wazee wakati wa masika itawasumbua vilevile. Harrier Hybrid ya 2014 hadi 2020 huvuta kwa matairi yote manne, ila ina siti tano na injini ya 2.5.

Nimeona Prius mbili za 2012. Moja ni "S", nyingine "G Touring Selection", na karatasi ya mnada inasema 4.5. Je, G ni juu ya 4.5?

Hivyo ni vitu viwili tofauti. 4.5 ni alama aliyotoa mkaguzi wa mnada kwa hali ya gari siku hiyo. Pembeni utaona herufi ya hali ya ndani, A ikiwa nzuri kuliko B. Ukiona R au RA mahali pa namba, gari liliwahi kuumia na kutengenezwa. L, S na G ni madaraja ya vifaa kutoka kiwandani. Injini na betri kubwa ni zilezile kwenye Prius hizo zote.

Tofauti itakayokugusa kila siku iko kwenye rimu. S ya kawaida huvaa 195/65R15. Touring huvaa 215/45R17. Piga hesabu ya ukuta wa tairi: asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127, asilimia 45 ya 215 ni karibu 97. Umepoteza sentimita tatu za mpira kati ya rimu na shimo. Prius hii iko milimita 140 tu kutoka ardhini, na barabara za ndani za Sakina au Ngaramtoni zitapindisha rimu ya 17 mapema. Chukua S, na fedha inayobaki iende kwenye ukaguzi.

L tuiseme kidogo. Ndilo daraja lililopunguziwa vitu ili gari liwe jepesi na namba ya mafuta ipendeze kwenye katalogi. Mara nyingi huikuti waipa ya nyuma, na kwa vumbi letu la Septemba utaitamani.

Usikubali daraja kwa nembo ya nyuma, maana nembo inauzwa dukani. Soma kibati cha chesisi: herufi zinazofuata baada ya kistari kwenye namba ya modeli ndizo zinazotaja daraja, na muuzaji makini atakuonyesha katalogi inayolingana nazo.

Nina watoto wawili wadogo. Ni vifaa gani vya kulipia zaidi?

Anza na eabegi za pembeni. Japani, kwenye madaraja mengi ya chini na ya kati, eabegi za ubavuni na za pazia zilikuwa za kuongezewa kwa malipo, kwa hiyo gari mbili za daraja moja zinaweza kutofautiana. Tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye ubavu wa siti ya mbele na juu kwenye nguzo za milango. Yakikosekana, hazimo.

Kisha ingiza vidole kati ya mgongo na kitako cha siti ya nyuma uguse vyuma vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto. Halafu fungua sakafu ya buti. Aqua na Sienta nyingi zilitoka kiwandani bila spea. Utakuta chupa ya dawa ya pancha na kipampu cha umeme. Dawa hiyo haizibi tairi lililochanika ubavuni, kwa hiyo weka gharama ya spea, jeki na spana kwenye bajeti kabla hujalipia rimu za kung'aa.

Kamera ya kuzuia ajali iliyo nyuma ya kioo cha mbele, ambayo Toyota ilianza kuiweka 2015 kwa jina la Safety Sense, ni nzuri. Jua tu kwamba kioo kikipasuliwa na kokoto na kubadilishwa, kamera inahitaji kupangwa upya kwa kompyuta. Navigesheni ya Kijapani usiilipie hata shilingi. Redio ya Japani huanzia FM 76 na nyingi huishia 90, hivyo stesheni zetu nyingi za juu ya 90 hazishiki bila kifaa cha kubadilisha masafa. Na ukikuta soketi ya umeme ndani ya gari, ni ya volti 100, siyo ya vifaa vya nyumbani kwako.

Nanunua Prius Alpha ya mkononi hapa Moshi. Nitajuaje betri na injini ni nzima?

Mwambie mwenye gari asiliwashe asubuhi hiyo. Fika injini ikiwa ya baridi, fungua boneti. Kuna vyombo viwili vya maji ya kupozea: kimoja cha injini, kingine cha inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota. Rangi yake ni ya waridi. Ukikuta maji ya bomba, au chombo cha injini kimeshuka, uliza kwa nini.

Washa hadi neno READY litokee. Angalia ndani ya chombo cha inveta: maji yanapaswa kuchezacheza. Yakituama, pampu yake imekufa, na inveta ikipata joto gari litazimika barabarani.

Injini ikiwaka, isikilize kwa dakika mbili. Ikitetemeka kama ina silinda moja iliyolala kisha ikatulia, shuku gasketi ya silinda hedi. Injini hii ya 1.8 iko pia kwenye Prius ya 30 (ZVW30, iliyoanza 2009) na Noah, na chanzo kinajulikana: njia ya EGR, inayorudisha moshi uliopozwa ndani ya injini, huziba kwa masizi, silinda zinazokosa moshi huo huchemka zaidi, gasketi hulegea na maji huingia usiku. EGR isafishwe kila kilomita 80,000 hivi. Mwenye gari asiyejua EGR ni nini hajawahi kuisafisha.

Sasa betri, tukichukulia ni ile ya watu watano, ZVW41. Kando ya siti ya nyuma kuna matundu ambako feni huvuta hewa ya kuipoza. Mulika tochi. Vumbi na nyuzi za nguo zikijaa humo, betri imekuwa ikipikwa. Mwombe fundi afungue feni, maana uchafu mwingi hukaa kwenye mapanga yake.

Halafu panda nalo Kibosho. Njia hiyo ni kipimo kizuri, kwa sababu kupanda kunaimaliza betri na kushuka kunaijaza. Chomeka kifaa cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu ya Dr. Prius, uangalie vikundi 14 vya betri. Wakati wa kukanyaga mafuta vyote vinashuka pamoja. Kikundi kimoja kikizama volti nzima chini ya wenzake, kimechoka. Na mistari ya chaji ikiruka kutoka karibu kujaa hadi miwili ndani ya dakika chache, betri nzima imebaki na ujazo mdogo.

Fundi amesoma kodi ya hitilafu P0A80 (betri kubwa imechoka), anataka kubadilisha seli moja tu. Nikubali?

Kama unauza mwezi ujao, utalazimika kumwambia mnunuzi. Kama unabaki na gari, hapana. Seli zote zina umri mmoja. Ukiweka moja tofauti katikati, hazichaji sawa, na baada ya miezi michache nyingine itafuata. Badilisha pakiti nzima, na usafishe feni siku hiyohiyo. Nyaya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkubwa, zisiguswe na fundi asiyeanza kwa kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika 10.

Gari halionyeshi READY asubuhi, taa zinafifia. Betri kubwa imekufa?

Pima kwanza ile ndogo ya volti 12. Ikiwa chini ya 12, hiyo ndiyo shida. Kwenye Prius ya 30 na Alpha iko kwenye buti, kwa hiyo nunua aina ya AGM yenye mrija wa kutolea gesi nje.

Tukishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, gari linaanza kunguruma lenyewe. Ni ubovu?

Hapana. Kwenye mteremko mrefu betri hujaa katikati ya njia, na ikijaa haiwezi tena kupokea nguvu ya breki, kazi yote inabaki kwa pedi. Weka gia kwenye B kabla kona hazijaanza. Mngurumo huo ni injini inazungushwa bila mafuta ili ilishike gari. Ukifika tambarare ya Mto wa Mbu, rudisha D.