Barua kwa mwanangu Zuhura: Paola na zile mechi 152

Mwanangu Zuhura,

Huku salama, namshukuru Mungu. Umeona ile klipu niliyokutumia ukaniuliza, eti mama, huyu Paola Longoria kashinda mechi 152 mfululizo, kwani hakuchoka? na hiyo raketiboli yenyewe haimo hata Olimpiki, anahangaikia nini? Nikaona nikijibu kwa voisi nitaishia njiani, bora niandike.

Kwanza uujue mchezo. Hapa jimu ninapofanyia kazi Houston kuna vyumba viwili vya raketiboli, urefu kama mita 12, upana 6, nyuma kuna kioo, na kuta zote zinachezewa mpaka dari. Unapiga mpira uguse ukuta wa mbele, mwenzio aurudishe kabla haujadunda mara mbili, na hapa kwetu pointi anapata aliyeanzisha tu. Sasa kuna pigo moja hilo, mpira unagonga ukuta chini kabisa pale unapokutana na sakafu, haudundi, unabiringika tu kama limau lililodondoka sokoni, hapo mpinzani hana cha kurudisha. Wanaume wazima nawaona kupitia kile kioo wanalitafuta hilo pigo jioni nzima, likija ni kwa bahati, wakati Paola analitafuta makusudi huku anakimbia. Irudie ile klipu, angalia goti lake linavyoshuka karibu liguse chini.

Haya, swali lako. Paola kazaliwa 1989, mtu wa San Luis Potosí huko Meksiko. Msimu wa 2008-09 akamaliza namba moja kwenye ligi ya wanawake ya kulipwa, miaka 20 hajatimiza, na msimu uliofuata vilevile. Halafu 2010-11 akaja Rhonda Rajsich, Mmarekani, kamzidi Paola miaka kama kumi, akachukua namba moja. Mi naona jibu lako liko hapo, maana watu wanahesabu tu hizo 152 wanasahau zimeanza baada ya mtu kunyang'anywa kiti chake. Toka 2011 mpaka 2014 hakufungwa mechi hata moja kwenye ligi, na aliyekuja kumfunga ni nani? Rhonda huyohuyo! Sasa we niambie, mtu aliyewahi kukutoa juu bado yupo, bado anacheza, bado anakutaka, utachoka saa ngapi?

Olimpiki kweli haimo, na mimi linaniuma kwa sababu mwanamke kama huyu alistahili dunia nzima imuone. Ila usidhani anacheza gizani. Kuna michezo ya Pan American, nchi zote za Amerika zinakutana, mwaka 2011 ilifanyika Guadalajara, nyumbani kwao, akabeba dhahabu tatu: ya mmoja mmoja, ya wawili wawili na mwenzie Samantha Salas, na ya timu. Toronto 2015 akabeba tatu tena. Nenda Meksiko kawaulize kama hawamjui, mpaka bungeni kaingia 2024, na mashindano ya ligi aliyoshinda yamepita 100. Sisi ndo hatumjui, wao wanamjua vizuri sana.

Na mi kinachonifurahisha zaidi wala sio hizo 152. Ubingwa wa dunia alishachukua 2012, 2014 na 2016, halafu 2018 kule Costa Rica fainali akafungwa na binti wa Guatemala, Gabriela Martínez. Angeweza kusema basi, nishachukua vya kutosha, lakini 2021 mashindano ya dunia yakapelekwa Guatemala, nchi ya huyo binti aliyemfunga, Paola akaenda na ubingwa akaurudisha, miaka yake 32 hiyo.

Nitakutafutia mechi zake za huko nikutumie, bando likikubali uangalie nzima, sio zile klipu za dakika moja.

Mama yako