Kwa nini nimebaki Mkatoliki pamoja na mashaka yangu

Umeuliza kama mtu mwenye mashaka anayeendelea kwenda Misa si mnafiki. Nimeishi na swali hilo miaka mingi, niwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Sayansi haijawahi kunisumbua. Georges Lemaître, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mlipuko mkuu, inayoeleza mwanzo wa ulimwengu, alikuwa padre. Kinachonisumbua ni mateso ya wasio na hatia. Nilipomzika mdogo wangu, watu wema waliniambia ni mapenzi ya Mungu, nami nikashindwa kuitikia. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilisali kwa midomo tu.

Kilichonibakiza ni Misa yenyewe. Kabla ya kutakiana amani, padre humwomba Kristo asizitazame dhambi zetu, bali imani ya Kanisa lake. Sala hiyo nilikuwa naisikia tangu utotoni, lakini siku moja iliniingia. Kumbe sikutakiwa kuibeba Nasadiki, yaani kanuni ya imani, nzima peke yangu! Siku ninayoshindwa kuisema, aliye kando yangu anaisema, na waliotutangulia waliisema. Halafu kuna kuwaombea marehemu. Wengine walinipa maneno ya faraja. Kanisa lilinipa la kufanya. Katika kila Misa marehemu wanakumbukwa, na tarehe 2 Novemba Kanisa zima linawaombea. Upendo niliokuwa nao kwa mdogo wangu ulipata pa kwenda. Sijui mahali pengine ambapo ningeupeleka.

Kuhusu unafiki: Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2088, inatofautisha shaka la makusudi, la mtu anayekataa kuyapokea yaliyofunuliwa na Mungu, na shaka lisilo la hiari, yaani kusitasita, au kulemewa na hoja zinazopingana na imani. Inaonya pia kwamba shaka likipaliliwa kwa makusudi linaweza kuipofusha roho. Onyo hilo nalichukulia kwa uzito, ndiyo maana siyafugi mashaka yangu. Mama Teresa wa Calcutta naye alipitia giza la miaka mingi. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zinaonyesha jinsi alivyomwona Mungu yuko mbali huku akiendelea kuwahudumia maskini. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016, giza hilo likijulikana.

Kilichokaribia kunitoa kabisa ni kashfa za mapadre waliowadhulumu watoto, na maaskofu waliowaficha mapadre hao. Mtakatifu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliwajibu Wadonati, Wakristo waliodai kwamba sakramenti za mhudumu asiyestahili ni batili, kwamba sakramenti ni ya Kristo, hata mhudumu akiwa mwovu. Naliamini hilo, na kwa ajili yake bado nakomunika. Lakini hoja hiyo isitumike kamwe kuwanyamazisha walioumizwa. Wao wanadai haki, na kubaki kwangu kunanipa wajibu wa kuidai pamoja nao.

Swali la mateso sijajibiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba ninayemsujudia alining'inia msalabani akiuliza, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mungu asiyewahi kuuliza hivyo nisingeweza kumwamini baada ya msiba ule.

Kama nawe unasumbuka, usikae na mashaka yako peke yako. Tafuta padre anayesikiliza kabla ya kujibu, umwambie yote, hata yale unayoona aibu kuyatamka kanisani.